Mvinyo Mwekundu wa Pipa na Pua ya Mzee Kihwele

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu chupa ya mvinyo kwa kuipasha moto. Naanza na hilo makusudi, maana ninyi vijana wa hoteli za leo mkitusikia wazee tukisema "enzi zetu" mnadhani tulizaliwa tunajua. Mimi nilitoka Tukuyu, Mnyakyusa, mtu mzima mwenye mke, na kinywaji nilichokifahamu kilikuwa kimpumu, pombe yetu ya ulezi. Kimpumu humwagiwa maji ya moto chunguni, watu wakakaa kuzunguka wakafyonza kwa mirija. Kwa akili yangu, mgeni akija siku ya baridi unampa kitu cha moto. Ungenikuta na hoja hiyo ningebishana nawe.

Hii ilikuwa Iringa, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mwezi wa saba, na anayeijua Iringa ya mwezi wa saba hahitaji kusimuliwa habari za upepo wake. Hoteli ilikuwa ya Wazungu waliosafiri kwenda Mbeya na kuvuka mpaka wa kusini. Nilipewa kanzu nyeupe na kofia nyekundu ya tarabushi. Viatu hapana. Mhudumu Mwafrika alitembea miguu mitupu juu ya sakafu ya mbao iliyopakwa nta, na ole wako uteleze.

Aliyenipokea alikuwa Mkuu wa Ukumbi, Mzee Kihwele, Mhehe mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Yeye peke yake alivaa mshipi mwekundu kiunoni juu ya kanzu, na mshipi huo ndio uliokuwa cheo chake. Alinisalimu "Kamwene" kwa Kihehe, nikaitika vibaya, akaendelea kwa Kiswahili.

"Mwaipopo, hapa umeajiriwa kumimina. Kunywa ni kazi ya watu wengine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mzee."

Alikuwa hatanii. Siku zile sheria ya serikali ilimkataza Mwafrika kunywa mvinyo wa Kizungu na pombe kali bila kibali, na kibali hakikuwa cha watu kama sisi. Ungeweza kubeba chupa miaka ishirini, ukaifuta vumbi, ukaifungua, ukaimimina, lakini tone likipita kooni kwako ni polisi. Siku hizi mkisikia mnacheka. Sisi hatukucheka.

Mchana huo akaja Bwana Misitu, yule ofisa aliyesimamia upandaji wa misonobari kule Sao Hill, karibu na Mafinga, akaagiza chupa ya mvinyo mwekundu. Niliichukua stoo, nikaiona baridi kama jiwe la mtoni, nikamhurumia mzungu wa watu. Nikaiweka juu ya bamba la jiko la kuni wakati supu ikipakuliwa. Bwana Misitu alipoonja aliweka glasi chini, akaitazama, akanitazama mimi.

Mara Mzee Kihwele akafika mezani. "Samahani, Bwana. Chupa hii ilikaa mahali pabaya. Naleta nyingine." Hakusema nani aliiweka mahali hapo. Baadaye, nyuma ya jikoni, nilisubiri nifukuzwe. Alinipa ile glasi.

"Nusa. Usionje, nusa. Unasikia nini?"

"Inachoma puani, Mzee."

"Ndiyo. Ukiupa moto, kinabaki kileo na hasira. Huu si ulezi wenu. Lakini hata baridi ya stoo si nzuri kwake, unajifunga kama mtu aliyenuna. Utoe mapema, ukae kabatini ukumbini mpaka uzoee hewa ya watu, ndipo uumimine."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, na nimelifundisha kwa kila kijana aliyepita mikononi mwangu.

Sasa niwaeleze mvinyo wenyewe. Ulikuja kwenye pipa la mbao kutoka Afrika Kusini, kwa meli hadi Dar es Salaam, kwa treni hadi Dodoma, kisha kwa lori hadi kwetu. Sisi wenyewe tuliuhamishia kwenye chupa, taratibu, tukiyaacha mashapo chini ya pipa. Ulikuwa mvinyo wa mchanganyiko, yaani haukutoka kwenye zabibu za aina moja. Zabibu ya kwanza iliupa weusi wa rangi na ule ukakasi unaokausha ulimi, kama umeng'ata ndizi mbichi. Ya pili iliupa unene mdomoni na harufu ya zambarau zilizoiva. Ya tatu ilikuwa chachu, ya kujaza mate mdomoni. Aliyechanganya alizipima ili isiwepo hata moja inayozipigia nyingine kelele.

Nilimuuliza Mzee kwa nini wasitengeneze kwa zabibu moja iliyo bora wakaishia hapo. Alinijibu kwa ulanzi, pombe ya mianzi ya kwao.

"Asubuhi unagema mtogwa, mtamu, hata mtoto anakunywa. Ukikaa siku kadhaa unakuwa mkangafu, mkali. Mtogwa peke yake ni wa watoto. Mkangafu peke yake ni ugomvi. Mama muuzaji anayeijua kazi anachanganya, na kila mteja anadhani amechanganyiwa yeye. Na hawa Wazungu ni hivyohivyo."

Mtajiuliza aliyajuaje haya mtu ambaye hajawahi kuonja. Aliyajua kwa pua. Alinusa kizibo kilipotoka, alinusa glasi ikiwa imejaa, na wageni wakishaondoka alizinusa glasi tupu, maana alisema mvinyo husema kweli yake ukishakwisha. Njia ya pili ilikuwa mchuzi. Pipa jipya likifunguliwa, alimpelekea mpishi mkuu, Sanga, Mkinga wa Makete, upawa mmoja. Sanga aliupika na vitunguu na mifupa yenye uboho mpaka ukawa mzito na kileo kimekwenda na mvuke. Sheria ilikataza kunywa, haikusema lolote juu ya mchuzi. Wahudumu wote tulipanga mstari, kila mmoja na kijiko chake, na kila mmoja aeleze alichokikuta. Kama kuna uchungu unaobaki nyuma ya ulimi, au uchachu wa siki uliojificha chini ya chumvi, pipa lile halikwenda ukumbini.

Mimi nililelewa Mmoraviani, na kwetu kanisani kikombe huwafikia waumini. Kwa hiyo nilikuwa nimewahi kugusa mvinyo kwa midomo. Mzee Kihwele alikuwa Mkatoliki wa kweli, hakosi misa, na miaka ile padre alisali ameelekea altare, na kikombe kilikuwa chake peke yake. Siku moja aliniambia, akiwa anang'arisha glasi:

"Jumapili padre anakunywa, naona mgongo wake tu. Jumatatu mgeni anakunywa, naona uso wake. Nimejifunza zaidi Jumatatu."

Kuhusu chakula, hapo ndipo alipokuwa bingwa. Mvinyo ule aliutaka uende na kondoo wa kuokwa, yule mwenye mafuta yake, au nyama ya ng'ombe iliyochemka taratibu tangu asubuhi, au nguruwe wa misheni, au kanga wa porini, au jibini lililokauka. Hakuutaka kabisa uende na wale samaki ambao Wazungu waliwapandikiza kwenye mito yetu ya baridi. Mdomoni vilikutana vikatoa ladha ya kutu. Wala na mchuzi wa bizari wa Jumapili, kwa sababu pilipili na ukakasi vikishikana vinawaka. Lakini hakumkataza mgeni. Alisimama kando ya kiti, akainama kidogo, akasema, "Bwana, leo kuna kondoo." Mgeni akadhani ni wazo lake mwenyewe. Na akiulizwa sababu alitoa maneno yaleyale kila mara: "Mafuta ya nyama yanaushika ukakasi wa mvinyo na kuulainisha, na mvinyo unaosha mafuta. Kila mmoja anamsaidia mwenzake." Aliwaambia wageni maneno hayo miaka na miaka. Walitikisa vichwa wakakubali. Yeye mwenyewe hakuwa na namna ya kuyahakiki.

Mwenye hoteli alipofungua nyingine Mbeya, Mzee Kihwele alipelekwa kuwa Mkuu wa Ukumbi huko, naye akatuomba mimi na Sanga twende naye. Mbeya ilikuwa kwetu zaidi kuliko kwake. Wageni walikuwa wa namna nyingine: wachimba dhahabu waliotoka Chunya na vumbi hadi kwenye kope, wakulima wa kahawa wa Mbozi, wasafiri wa magari makubwa. Meneja alikuwa Mwingereza aliyewahi kuwa jeshini, mtu wa amri fupi. Hakuwa mkatili na hakuwa mwema. Alikuwa na kanuni moja juu ya mvinyo: pipa halitoki stoo mpaka Mkuu wa Ukumbi alinuse na kusema neno lake. Kazi nyingine zote za ukumbi zingeweza kufanywa na yeyote kati yetu. Mshipi mwekundu ulikaa kiunoni kwa Mzee kwa sababu ya pua.

Kipindi kimoja cha baridi Mzee alishikwa na mafua makali, akalala, tukamhofia. Akapona. Wiki chache baadaye nilimkuta jikoni akikunja vitambaa vya meza, na pembeni yake, hatua moja tu, sufuria ya maziwa ilikuwa imefurika na kuungua mpaka moshi unatuchoma macho. Yeye amegeuka upande wa pili, anakunja. Niliondoa sufuria. Aligeuka, akaona weusi wa sufuria, akaniangalia. Nilielewa palepale, na yeye akaelewa kwamba nimeelewa.

"Tangu lini, Mzee?"

"Tangu nilipoamka kitandani." Alikaa kwenye kiboksi cha viazi. "Kahawa ni maji ya moto. Nyama ni chumvi. Hata harufu ya mke wangu siisikii, Mwaipopo."

Moyo uliniuma. Nilimwambia itarudi. Akasema na yeye alikuwa akijiambia hivyo.

"Wakijua, watanipeleka kuosha vyombo au watanirudisha Iringa wiki hiyohiyo," alisema. "Nimeingia kazi hii nikiwa kijana. Sitaki kutolewa kwa kasoro, kama kikombe kilichovunjika mkono. Nataka siku nikichoka niseme mwenyewe, nivue mshipi mwenyewe. Basi, hilo tu."

Tukakubaliana. Pipa likifunguliwa, mimi ndiye ningekinga mvinyo kwenye glasi na kumpelekea. Njiani ningenusa. Kama ni mzima, kitambaa changu kingebaki mkono wa kushoto. Kama una kasoro, ningekihamishia wa kulia. Yeye angeinua glasi, angeizungusha kama kawaida, angetulia, kisha angesema. Meneja alisimama pale mara nyingi na hakuona kitu. Nilijifunza kazi kwa woga ambao sijawahi kuupata tena, kwa kuwa nikikosea mimi, anayeanguka ni yeye.

Katikati ya hayo sheria ikalegezwa. Ghafla Mwafrika aliruhusiwa kunywa mvinyo kama mtu mwingine. Sanga na mimi na wenzetu tulionja mvinyo wa pipa siku hiyohiyo, nusu glasi kila mmoja, tumesimama jikoni kama watu walio msibani. Ulikuwa vilevile alivyotueleza: ukakasi, zambarau, mate. Tulimmiminia na yeye. Alikataa.

"Subirini kwanza. Pua ikirudi, nitaunywa kwa haki yake."

Alisubiri. Msimu ukapita, mwingine ukaja, pua haikurudi. Kila pipa jipya nilimwona akiweka glasi chini bila kugusa, na kila mara nilitamani kumwambia anywe tu, lakini hilo lilikuwa tumaini lake na si langu.

Kisha kukatokea karamu ya mchana, kubwa, ya kumuaga mkulima mmoja wa kahawa aliyekuwa anarudi Ulaya. Pipa lilifika asubuhi ileile, limechelewa njiani kwa sababu ya mvua. Mimi nilikuwa nimetumwa Mbalizi kutafuta kabichi. Nikiwa huko, Meneja aliingia stoo na kumwita Mzee Kihwele, na yaliyotokea nilisimuliwa na Sanga aliyekuwa amesimama mlangoni na upawa wake.

Meneja alikinga mvinyo mwenyewe, akampa. "Haraka, Kihwele. Ni mzima au siyo?"

Mzee aliinua glasi. Akaizungusha. Mapipa mengi yalikuwa mazima, hilo kila mtu wa hoteli alilijua, na neno moja tu lingetosha. Sanga aliniambia Mzee alikaa na glasi ile mbele ya uso mpaka Meneja akaanza kukohoa kwa kukosa subira. Kisha akaishusha.

"Bwana, sijui. Pua yangu imekufa tangu nilipougua. Amekuwa akininusia Mwaipopo."

"Ungeweza kubahatisha," Meneja alisema.

"Ningeweza, Bwana. Lakini watu watakunywa kwa neno langu."

Niliporudi na gunia la kabichi begani nilikuta wote watatu bado wamesimama stoo. Meneja alinipa glasi. Nilinusa. Ulikuwa mzima kabisa, mzuri kuliko pipa lililotangulia. Nikasema hivyo. Mzee Kihwele aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, lakini kicheko ambacho nisingependa kukisikia mara ya pili.

Meneja alisema mwisho wa mwezi Mzee apumzike, na mshipi nivae mimi. Mzee akaufungua mshipi palepale, akaukunja vizuri, akamwambia Meneja, "Leo, Bwana, siyo mwisho wa mwezi. Leo nimechoka." Akanikabidhi. Karamu ile niliisimamia mimi, na sikumbuki hata uso mmoja wa wageni wake.

Tuliomba jambo moja tu, Sanga na mimi: Mzee ale chakula cha kuagwa ukumbini, mezani, amekaa. Meneja alifikiri, akasema, "Sheria haikatazi. Lakini wageni wakishaondoka."

Siku ya kuagwa Sanga alioka paja la kondoo tangu asubuhi, na ugali wa ulezi pembeni, kwani alisema viazi ni vya wageni. Nilimvutia Mzee kiti. Nilimtandikia kitambaa magotini, akanitazama kama namkosea adabu, kisha akaniacha. Chupa ilikuwa imekaa kabatini tangu mapema. Nikaifungua, nikammiminia kidogo, nikarudi nyuma kusubiri, kama alivyonifundisha.

Alinusa kwa mazoea. Hakuna. Akanywa. Ndipo ukaingia mdomoni mwake kwa mara ya kwanza, mtu mwenye mvi, mvinyo aliokuwa amewaeleza watu maisha yake yote.

"Unakausha," alisema taratibu. "Ukakasi. Na uchachu kidogo pembeni. Zambarau sizisikii."

"Zipo, Mzee."

"Najua zipo."

Akakata nyama, sehemu yenye mafuta, akatafuna, akameza. Kisha akanywa tena. Akasimamisha glasi karibu na mdomo. Akala tena, akanywa tena. Pua yake haikuhitajika kwa jambo hilo. Ulimi ulitosha, na ulimi wake ulikuwa mzima.

"Umelainika," alisema. "Mwaipopo, umelainika kweli. Ule ukakasi umeshikwa na mafuta."

"Ndiyo, Mzee."

Aliweka uma chini. Machozi yalimtoka waziwazi, wala hakuyafuta. "Basi sikuwadanganya wale watu."

Alimaliza sahani yote. Wiki ileile alirudi kwao Iringa, na sikumwona tena mpaka nilipokwenda kumzika.

Mimi niliuvaa mshipi mwekundu mpaka wahudumu walipoacha kanzu na kuvaa suruali na viatu, nikastaafu hatimaye hapahapa Mbeya, mkuu wa ukumbi wa hoteli nyingine iliyokuja baadaye. Wanangu hununua mvinyo wa Dodoma dukani kama wanunuavyo sukari, na hilo linanifurahisha. Huniuliza upi ni mzuri. Nami huwauliza kwanza wanakula nini.

Vijana wakija kunisikiliza hupenda niwaambie zamani kulikuwa na nidhamu. Ilikuwepo, sikatai, na mimi ni zao lake. Lakini nilimfahamu mtu mmoja aliyeuelewa mvinyo ule kuliko wote waliouagiza, na serikali ilimruhusu kuuonja baada ya pua yake kufa. Wengi wa wakati wangu wameshasamehe mambo yale. Mimi bado.